Luton Town 2023/24: Timu ya mtaa iliyofunga magoli 52 EPL na bado ikashuka

Kuna timu hupanda EPL, zinachapwa kila wikendi, zinashuka na hakuna mtu anakumbuka ata rangi ya jezi yao. Luton Town haikuwa hivyo. Hawa wasee walifanya mafans wa Arsenal wakae macho hadi usiku wa manane, wakatoka sare na Liverpool, wakanyoa Brighton bila maji, halafu Mei ikafika na wao ndio hao, wanarudi chini.

Ukiuliza fan yeyote wa ball hapa Nairobi mbona Luton walishuka, utaambiwa walikuwa na bahati mbaya dakika za mwisho. Ni ukweli nusu. Hii hapa ni risto yote ya msimu wao, walikotoka, mechi zenye ziliuma, na namba zenye zinaonyesha shida ilikuwa wapi.

Kwa ufupi

- Klabu: Luton Town, Uingereza (ilianzishwa 1885)
- Kocha: Rob Edwards
- Uwanja: Kenilworth Road
- Nafasi EPL 2023/24: 18 kati ya timu 20
- Mechi 38: ushindi 6, sare 8, kupoteza 24
- Magoli: walifunga 52, wakafungwa 85
- Pointi: 26
- Wafungaji wakubwa: Carlton Morris (11), Elijah Adebayo (10)
- FA Cup: raundi ya tano, walitolewa na Manchester City
- Carabao Cup: raundi ya tatu, walitolewa na Exeter City

Luton ni wapi, na ni nani?

Luton ni town iko kaskazini mwa London, karibu kilomita 50 hivi. Wasafiri wanaijua kwa sababu ya airport. Wazee wa huko wanaijua kwa viwanda vya kofia, na ndio maana timu inaitwa The Hatters. Si town ya matajiri. Ni mtaa wa watu wa kujituma, wenye asili za kila mahali.

Kitambo walikuwa kwa ligi kuu. Kati ya 1982 na 1992 walicheza daraja la kwanza la Uingereza bila kushuka, na 1988 walibeba Kombe la Ligi pale Wembley kwa kupiga Arsenal 3-2. Halafu ikaja ile bahati ya kuchoma: walishuka 1992, miezi michache tu kabla EPL ianze Agosti mwaka huo. Yaani karamu ilikuwa inaanza na wao wakawa wanafukuzwa mlangoni. Iliwachukua miaka 31 kurudi.

Shimo lenye walitoka

Kama unadhani timu yako imepitia mengi, sikiza hii. Luton walishuka daraja mara tatu mfululizo: 2007, 2008 na 2009. Msimu wa 2008/09 walianza wakiwa wamekatwa pointi 30 kabla ata ya kupiga mpira. FA ilikata 10 kwa sababu ya malipo ya mawakala yenye hayakufuata sheria, na wasimamizi wa ligi wakakata 20 kwa vile klabu ilitoka kwa ufilisi bila kufuata utaratibu. Kuanza ligi na minus 30 ni kama kuambiwa ukimbie mita 100 ukiwa umebeba mtungi wa gesi.

Cha kushangaza, msimu huo huo walibeba kombe la timu za madaraja ya chini pale Wembley. Lakini kwa ligi walivuta mkia na wakaanguka hadi daraja la tano, kule wachezaji wengine huwa na kazi ingine ya mchana. Walikaa huko miaka mitano. Klabu ilikuwa imechukuliwa na kikundi cha mafans wake wenyewe, na hao ndio walikaza roho.

Kupanda kulianza 2014 chini ya kocha John Still. 2018 wakatoka daraja la nne na Nathan Jones. 2019 wakachukua ubingwa wa daraja la tatu wakiwa na Mick Harford, jamaa ambaye alicheza Luton enzi za themanini. Sasa walikuwa Championship, mlango mmoja tu kabla ya EPL.

Kuna mchezaji mmoja ambaye alitembea safari hiyo yote: Pelly-Ruddock Mpanzu, kiungo aliyezaliwa London mwenye asili ya Kongo. Alikuja 2013 timu ikiwa daraja la tano. Agosti 2023 akawa mchezaji wa kwanza kutoka daraja la tano hadi EPL akiwa na klabu ile ile. Hiyo si kitu ndogo.

Wembley, 27 Mei 2023

Msimu wa 2022/23 ulianza na Nathan Jones, lakini Novemba akaitwa Southampton. Luton wakamchukua Rob Edwards, ambaye alikuwa ametimuliwa na Watford wiki chache tu zilizopita. Watford ndio mahasimu wakubwa wa Luton. Ni kama kocha afutwe Gor leo, kesho kutwa aonekane mazoezini na Ingwe, halafu awapeleke mbali.

Edwards alimaliza nafasi ya tatu na pointi 80, akatoa Sunderland kwa nusu fainali ya mchujo, wakaenda fainali na Coventry City. Jordan Clark alitangulia kufunga, Gustavo Hamer akasawazisha, ikaisha 1-1. Kwa penalti kila mtu alifunga hadi Fankaty Dabo wa Coventry akapaisha yake juu. Luton 6, Coventry 5.

Watu huita hiyo mechi ghali zaidi kwa ball, kwa sababu kupanda EPL kulikadiriwa kuleta pauni milioni 170 na zaidi. Kwa pesa zetu ni zaidi ya bilioni 25.

Lakini kuna mtu hakuona penalti hizo uwanjani. Kapteni Tom Lockyer alianguka mapema kwa hiyo mechi bila kuguswa na mtu, akakimbizwa hospitali. Ikapatikana moyo wake ulikuwa na shida ya mapigo, akafanyiwa upasuaji, akaruhusiwa kurudi. Kumbuka hilo jina.

Uwanja uko katikati ya keja za watu

Kenilworth Road ni mmoja wa viwanja vidogo zaidi kuwahi kutumika EPL. Unabeba watu kama 12,000 hivi, na umebanwa na nyumba pande zote. Mafans wa timu pinzani huingilia Oak Road, mlango uko katikati ya nyumba zimepangwa kwa laini, halafu wanapanda ngazi wakipita juu ya uani kwa watu. Unaona nguo zimeanikwa, dakika mbili baadaye unaona Mohamed Salah anapasha misuli.

Sheria za EPL zinataka taa kali, nafasi za kamera na vyumba vya waandishi. Luton ilibidi wajenge upya upande mmoja mzima, na kazi haikuisha kwa wakati. Mechi yao ya kwanza ya nyumbani dhidi ya Burnley ikaahirishwa. Kwa hivyo wakati wengine walikuwa wanaanza msimu mbele ya mafans wao, Luton walikuwa bado wanasubiri mafundi.

Kikosi cha bei ya mtumba

Timu zingine zikipanda hununua wachezaji 15 na kujaza deni. Luton walikataa huo mchezo. Walikuwa wameshaona ufilisi ni nini, hawakutaka kurudi huko. Walichukua watu wa bei nafuu na wengine bure: Chiedozie Ogbene alitoka Rotherham bila ada, Ross Barkley aliyekuwa Everton na Chelsea alikuja bila ada, Andros Townsend akasaini Oktoba akiwa hana timu. Tahith Chong alinunuliwa kutoka Birmingham, kipa Thomas Kaminski kutoka Blackburn, beki Teden Mengi kutoka Manchester United. Mzimbabwe Marvelous Nakamba, ambaye alikuwa amewasaidia kupanda akiwa kwa mkopo, akasainiwa kabisa. Issa Kaboré wa Burkina Faso alikuja kwa mkopo kutoka Man City, na Sambi Lokonga kutoka Arsenal.

Barkley ndiye aliwashangaza wengi. Watu walikuwa wameshamzika. Kwa Luton alicheza katikati kama mtu ana deni ya kulipa, na msimu ukiisha Aston Villa wakamchukua.

Agosti hadi Oktoba: masomo ya kwanza

Siku ya kwanza, 12 Agosti, walienda Brighton wakapigwa 4-1. Goli lao la kwanza la EPL lilikuwa penalti ya Carlton Morris. Wakafuata Chelsea, 3-0. Nyumbani kwa mara ya kwanza, 1 Septemba, West Ham wakashinda 2-1. Fulham 1-0. Mechi nne, pointi sufuri. Wachambuzi wakaanza kuuliza kama Luton watavunja ile rekodi mbaya ya Derby County ya pointi 11.

Pointi ya kwanza ilikuja 23 Septemba, sare ya 1-1 na Wolves. Wiki iliyofuata wakaenda Goodison Park wakapiga Everton 2-1, Lockyer na Morris wakifunga. Ushindi wa kwanza wa Luton ligi kuu tangu 1992.

Halafu ikaanza tabia yenye ingewasumbua mwaka mzima. Kwa ile mechi ya Burnley iliyoahirishwa, Adebayo alisawazisha dakika ya 84. Uwanja bado unaruka, Burnley wakafunga lingine karibu papo hapo. Ikaisha 1-2. Lakini wiki chache baadaye, kule Nottingham Forest, wao ndio walitoka nyuma 2-0 wakasawazisha 2-2 dakika za mwisho. Yaani dakika za mwisho zilikuwa zinapeana na kunyang'anya.

Novemba na Desemba: wakubwa waliteseka

5 Novemba Liverpool walikuja Kenilworth Road. Chong alifunga dakika ya 80. Ilibidi Luis Díaz, ambaye baba yake alikuwa ametekwa nyara Colombia wakati huo, aingie kama sabu asawazishe dakika ya 95. Sare 1-1. Crystal Palace wakaja wakapigwa 2-1.

Halafu 5 Desemba, Arsenal. Kwa Kenya ilianza saa tano na robo usiku, na mafans wa Wanabunduki hawatasahau. Martinelli alifunga, Osho akasawazisha. Jesus akafunga, Adebayo akasawazisha. Barkley akaweka Luton mbele 3-2. Havertz akarudisha 3-3. Ikabaki sekunde tu, dakika ya 97, Declan Rice akaruka na kichwa. 4-3. Huyo kipa David Raya alilaumiwa hadi asubuhi, lakini Arsenal walibeba pointi tatu. Siku tano baadaye Luton waliongoza Man City hadi mapumziko kupitia Adebayo, wakapoteza 2-1.

Kufikia hapo hakuna mtu alikuwa anawacheka tena. Kila timu kubwa ilikuwa inatoka Kenilworth Road ikiwa imelowa jasho. Shida ni kwamba jasho ya Arsenal haiandikwi kwa jedwali.

16 Desemba: moyo wa Lockyer

Mechi na Bournemouth ilikuwa 1-1, dakika ya 59, wakati Tom Lockyer alianguka tena. Hapakuwa na mgongano. Safari hii moyo ulisimama kabisa. Madaktari wa timu zote mbili walikimbia, Edwards mwenyewe akaingia uwanjani, wachezaji wakawa wanalia. Lockyer baadaye alieleza kwamba alikuwa ameondoka kwa dakika 2 na sekunde 40. Walimrudisha kwa mashine ya kushtua moyo.

Mechi ilisimamishwa na haikuendelea. Lockyer aliwekewa kifaa kidogo kifuani cha kulinda mapigo ya moyo na siku tano baadaye akatoka hospitali. Akawa balozi wa kuhamasisha watu wajifunze huduma ya kwanza ya moyo. Hiyo ni kitu ata sisi tunafaa kufikiria. Kwa mechi zetu za mtaa, mtu akianguka, ni wangapi wanajua kubonyeza kifua vizuri kabla ambulensi ifike?

Kwa upande wa ball, Luton walipoteza kapteni na beki wao wa kati mwenye sauti kubwa, msimu ukiwa bado haujafika nusu.

Krismasi hadi Februari: moto wa kweli

Ungetarajia timu ivunjike. Badala yake, wiki moja baadaye wakapiga Newcastle 1-0, goli la Townsend. Siku iliyofuata Krismasi wakaenda Sheffield United, wakawa nyuma 2-1, halafu wenyeji wakajifunga mara mbili ndani ya dakika chache. 3-2. Kuna siku ball hukulipa deni.

Januari 30 ndio ilikuwa kilele. Brighton, wale wale waliowapiga 4-1 siku ya kwanza, walikuja nyumbani. Adebayo alifunga sekunde ya 18 tu. Ogbene akaongeza dakika ya tatu. Adebayo akamaliza na hatriki. 4-0. Luton wakatoka kwa eneo la kushuka. Siku nne baadaye wakaenda Newcastle, wakaongoza 4-2, ikaisha 4-4.

Baada ya mechi 22 walikuwa na pointi 20 na nafasi ya 17. Ungeniuliza siku hiyo, ningekuambia hawa watabaki.

Februari hadi Mei: wakaanza kuteleza

Mechi 16 zilizobaki zilileta pointi 6 tu. Hapo ndipo msimu uliisha.

Ilianza 10 Februari. Sheffield United, timu iliyokuwa inavuta mkia, wakaja wakashinda 3-1. Ukipoteza nyumbani kwa timu ya mwisho, hakuna wa kulaumu. Wiki iliyofuata Rasmus Højlund wa Man United alifunga kabla dakika ya kwanza iishe. Adebayo akaumia msuli na kukosa wiki nyingi. Nakamba alikuwa ameshaumia goti. Man City wakawapiga 6-2 kwa FA Cup, Haaland akifunga matano peke yake. Aston Villa walikuja, Luton wakatoka 2-0 nyuma hadi 2-2, halafu Lucas Digne akafunga dakika ya 89.

Halafu 13 Machi. Ile mechi ya Bournemouth ilirudiwa kutoka mwanzo. Kwa kipindi cha kwanza Luton walicheza kama wanacheza kwa ajili ya Lockyer: Chong, Ogbene, Barkley. 3-0 mapumziko. Kipindi cha pili Bournemouth wakafunga manne. 4-3. Kwa historia ya EPL, timu chache sana zimewahi kupindua matokeo ya 3-0 mapumziko na kushinda. Luton walikubali kuwa upande ule mbaya wa hiyo rekodi.

Hawakukata tamaa. Luke Berry aliwapa sare na Forest dakika ya 89. 6 Aprili walilipiza kisasi kwa Bournemouth 2-1, Morris akifunga dakika ya 90. Lakini City wakawapiga 5-1 na Brentford wakaja Kenilworth Road wakaweka mkono mzima, 5-1 tena. Walipopoteza 3-1 kwa West Ham tarehe 11 Mei, ilikuwa imeisha, imebaki hesabu tu. 19 Mei Fulham wakafunga kitabu, 4-2. Mafans walibaki uwanjani wakapigia wachezaji makofi.

Sasa, mbona walishuka?

Tufanye hesabu polepole. Nottingham Forest walimaliza nafasi ya 17 na pointi 32, ata baada ya kukatwa pointi 4 kwa kuvunja sheria za matumizi ya pesa. Luton walikuwa na 26. Pengo ni pointi sita, lakini kwa vile tofauti ya magoli ya Forest ilikuwa nzuri zaidi, Luton walihitaji saba.

Angalia mechi nne tu. Liverpool dakika ya 95: pointi mbili zilipotea. Arsenal dakika ya 97: moja. Villa dakika ya 89: moja. Bournemouth kutoka 3-0: tatu. Jumla saba. Hapo ndipo watu wanasema bahati mbaya, na wanafunga mjadala.

Lakini geuza karatasi upande wa pili. Forest ugenini walisawazisha dakika za nyongeza. Burnley ugenini, Morris alisawazisha dakika ya 92. Palace ugenini, Cauley Woodrow dakika ya 96. Forest nyumbani dakika ya 89. Bournemouth nyumbani dakika ya 90. Hizo ni pointi sita zilizoletwa na dakika za mwisho. Ukitoa na kujumlisha, bahati haikuwaibia kitu kikubwa.

Shida ya kweli iko hapa: kwa mechi 38, Luton walimaliza bila kufungwa mara mbili tu. Newcastle 1-0 na Brighton 4-0. Basi. Hawakuwa na sare ata moja ya 0-0.

Sasa linganisha na Everton msimu huo huo:

- Luton: walifunga 52, wakafungwa 85, pointi 26
- Everton: walifunga 40, wakafungwa 51, pointi 40 (na hiyo ni baada ya kukatwa 8)

Luton walifunga magoli 12 zaidi ya Everton. Walifunga mengi kuliko Wolves (50) na Forest (49) pia. Wote hao watatu walibaki. Everton walikuwa wanaboesha, wanashinda 1-0, wanaenda hao. Luton walikuwa wanakupatia show, wanafungwa tatu, wanapigiwa makofi. Ball ya EPL hailipi makofi. Ukihitaji magoli matatu ndio ushinde mechi moja, utachoka kabla ya Mei.

Na hapo ndipo kumpoteza Lockyer, Nakamba na wengine wa nyuma kuliuma zaidi. Kikosi cha bei nafuu kinaweza kuwa na watu 11 wakali. Kile hakina ni mtu wa 16 na wa 17 wa kuziba pengo bila timu kutetemeka.

Hawakuanguka peke yao

Burnley walipanda kama mabingwa wa Championship na pointi 101, wakashuka na 24. Sheffield United walishuka na 16 wakiwa wamefungwa magoli 104, rekodi mbaya zaidi ya EPL ya mechi 38. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1997/98 timu zote tatu zilizopanda zishuke pamoja. Na msimu uliofuata ikajirudia: Leicester, Ipswich na Southampton, wote walienda na maji.

Kwa hivyo kati ya timu sita zilizopanda kwa hiyo miaka miwili, hakuna ata moja ilipata pointi nyingi kuliko Luton. 26 zao ndizo zilikuwa nyingi zaidi. Pengo kati ya Championship na EPL limekuwa kama kutoka kiwanja cha mtaa hadi Kasarani kwa siku moja. Hapa kwetu Shabana walirudi ligi kuu 2023, mwaka ule ule wa Luton, baada ya miaka 17 nje, na wao wakakaza wakabaki. Kupanda ni kazi moja. Kubaki ni kazi ingine kabisa.

Baada ya EPL

Risto haikuisha vizuri. Wengi waliwapigia upatu warudi haraka, lakini 2024/25 mambo yalienda mrama. Edwards aliondoka Januari 2025, Matt Bloomfield akachukua, na siku ya mwisho ya msimu Luton walipigwa 5-3 na West Brom wakashuka tena, hadi daraja la tatu. Hull City walikuwa na pointi 49 sawa na wao, wakabaki kwa tofauti ya magoli. Ulinzi tena. Oktoba 2025 timu ikapewa Jack Wilshere, yule kiungo wa zamani wa Arsenal.

Lakini pesa za EPL hazikuchomwa zote kwa mishahara ya mastaa. Klabu iliendelea na mpango wa uwanja mpya wa Power Court, katikati ya town, wa kubeba takriban mara mbili ya watu wa Kenilworth Road. Kwa timu iliyowahi kuanza ligi na minus 30, kushuka ukiwa huna deni la kukumaliza ni kitu tofauti kabisa na kushuka ukiwa umesota.

Mechi tano za kutafuta YouTube ukiwa na bando

1. Luton 3-4 Arsenal (5 Desemba 2023), magoli saba na Rice dakika ya 97.
2. Luton 4-0 Brighton (30 Januari 2024), hatriki ya Adebayo.
3. Newcastle 4-4 Luton (3 Februari 2024), hakuna beki aliyelala vizuri usiku huo.
4. Bournemouth 4-3 Luton (13 Machi 2024), itazame ukijua walikuwa mbele 3-0.
5. Everton 1-2 Luton (30 Septemba 2023), ushindi wao wa kwanza EPL, Lockyer akifunga.

Ukianza na hiyo ya mwisho, mwangalie Lockyer akishangilia goli lake. Miezi minne kabla ya hapo alikuwa kwa kitanda cha hospitali, na miezi miwili na nusu baadaye moyo wake ungesimama. Luton walishuka, lakini kapteni wao wa msimu ule bado yuko hai. Mafans wa Luton wakipewa hizo mbili wachague moja, hawawezi fikiria mara mbili.